Viza ipo, siku zimeisha: Mtego unaowasubiri wageni wa muda mrefu Mbeya na Iringa

• Viza ya kawaida inaruhusu kukaa nchini hadi siku 90, na hizo si sawa na miezi mitatu ya kalenda.
• Kujitolea shuleni, hospitalini au kanisani kunahitaji kibali, hata kama mgeni halipwi senti.
• Mwenyeji anayefumba macho naye anaweza kujikuta matatani.

Mbeya/Iringa. Mgeni anatua Dar es Salaam akiwa na viza ya kawaida aliyoilipia Dola 50 za Marekani. Anapanda basi hadi Iringa, anaenda kuona tembo Ruaha, anaipenda baridi ya mjini, anapanga chumba.

Wiki ya tatu, shule jirani inamwomba awafundishe watoto Kiingereza. Anakubali, tena kwa moyo mmoja. Wiki ya 14 anafungua pasipoti na kukuta siku zake zilishaisha.

Hajaiba, hajapigana na mtu, na viza yake ni halali kabisa. Lakini tayari ana makosa mawili mkononi: amefanya kazi bila kibali na amekaa nchini kupita muda aliopewa.

Huo ni mfano tu, ila unaonyesha mahali ambapo safari nyingi ndefu za Nyanda za Juu Kusini zinaweza kukwama. Shida mara nyingi si kukosa viza. Shida ni kudhani kwamba ukishakuwa na viza, umeruhusiwa kukaa utakavyo na kufanya utakacho.

Kwa nini Kusini?

Watalii wengi wa Kaskazini huja na kifurushi cha siku chache. Kampuni inawapokea uwanja wa ndege, inawapeleka Serengeti na Ngorongoro, inawarudisha. Siku 90 kwao ni nyingi mno, hata hawana haja ya kuzihesabu.

Mbeya na Iringa hali ni tofauti. Wapo wanaopita na magari au baiskeli zao kwenye barabara ya TANZAM wakielekea Zambia na Malawi. Wapo wanaokuja kujitolea, wamisionari, watafiti, wanafunzi wa vyuo na wastaafu waliochoka na baridi ya kwao wakaitaka baridi ya Mbeya.

Hawa hawaji kwa wiki moja. Wanakaa. Na wengi wanajisimamia wenyewe, hawana kampuni ya utalii wala ofisa rasilimali watu wa kuwafuatilia makaratasi.

Isitoshe, wengi wao wanakuwa wamegongewa muhuri mbali na hapa. Anayeruka kutoka Ulaya kwa kawaida anamalizana na Uhamiaji Dar es Salaam, kisha anapanda ndege ya ndani hadi Songwe au basi. Akifika Mbeya, kilomita zaidi ya 800 kutoka pale alipogongewa muhuri, hakuna anayemkumbusha tarehe.

Viza ni mlango, muhuri ndo siku

Tangu Novemba 2018 Tanzania ina mfumo wa viza mtandao, unaopatikana kwenye tovuti ya Uhamiaji, visa.immigration.go.tz. Raia wa nchi nyingi wanaweza pia kupata viza wanapofika kwenye vituo vikubwa vya kuingilia.

Madaraja ambayo mgeni wa kawaida anakutana nayo ni haya:

• Viza ya kawaida, kuingia mara moja: Dola 50, hadi siku 90.
• Viza ya kuingia mara nyingi: Dola 100, inadumu miezi 12. Raia wa Marekani hulipia hii hata kama anakuja mara moja tu.
• Viza ya biashara: Dola 250, hadi siku 90.
• Viza ya kupita: Dola 30, hadi siku saba.

Kuna nchi ambazo raia wake huomba viza ya rufaa, yaani lazima maombi yapitiwe na kukubaliwa kabla ya safari. Hawa hawawezi kubahatisha mpakani.

Wazambia na Wamalawi hawahitaji viza kuingia Tanzania. Raia wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki nao wana utaratibu wao chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza Julai 2010, inayowapa wageni wa jumuiya hadi miezi sita.

Sasa hapa ndipo watu wanapojichanganya. Viza inakufikisha kwa ofisa wa Uhamiaji. Ofisa ndiye anayeamua uingie kwa muda gani, na uamuzi wake unakaa kwenye muhuri. Ukipewa siku 30, una siku 30, hata kama karatasi ya viza inasema hadi 90.

Mwenye viza ya miezi 12 naye anateleza hapo hapo. Miezi 12 ni muda ambao anaweza kuingia na kutoka. Kila anapoingia, hakai zaidi ya siku 90 mfululizo.

Hesabu inayowaponza wengi

Siku 90 si miezi mitatu. Aliyeingia Julai 1, akihesabu siku hiyo kuwa ya kwanza, siku yake ya 90 ni Septemba 28. Akipanga kutoka Septemba 30 kwa kuwa “miezi mitatu haijaisha”, ameshapitiliza siku mbili.

Kosa jingine ni Zanzibar. Kwa kuwa wageni hukaguliwa pasipoti wanaposhuka kwenye boti Unguja, baadhi hudhani wametoka nchini na siku zinaanza upya. Hapana. Zanzibar ni Tanzania, na siku zinaendelea kuhesabiwa kama kawaida.

Kwenda huko kuna gharama yake nyingine pia. Tangu Oktoba 1, 2024 wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kuwa na bima ya lazima ya safari ya Dola 44, inayodumu hadi siku 92.

Kupitiliza muda si jambo la kumalizana kwa tabasamu. Kunaweza kuleta faini, kesi mahakamani, au kuondoshwa nchini na kuzuiwa kurudi.

Na si Tanzania pekee inayohesabu. Nchi za Ulaya za ukanda wa Schengen zilianza Oktoba 12, 2025 kutumia mfumo wa kielektroniki unaorekodi kuingia na kutoka kwa wageni kwa alama za vidole na picha. Marekani nayo iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo waombaji wa viza za matembezi na biashara wanaweza kutakiwa kuweka dhamana ya Dola 5,000 hadi 15,000, kuanzia Oktoba 23, 2025. Hoja mojawapo ya utaratibu huo ni wageni wanaopitiliza muda.

Kwa maneno mengine, siku mbili za kusahau zinaweza kumfuata mtu kwenye maombi yake ya viza yajayo, popote anapokwenda.

Tunduma na Kasumulu: Kutoka na kurudi si dawa

Mbeya iko karibu na mipaka miwili. Tunduma, mpaka wa Zambia, upo takriban kilomita 100 kutoka jijini, siku hizi ukiwa Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Kasumulu, mpaka wa Malawi, upo wilayani Kyela kwenye Mto Songwe.

Ukaribu huo umezaa ushauri wa vijiweni: siku zikikaribia kuisha, vuka Nakonde, kunywa soda, rudi, umepata siku nyingine 90.

Ushauri huu una matundu matatu.

La kwanza, viza ya kuingia mara moja inakufa ukitoka. Kurudi kunataka viza mpya na pesa mpya.

La pili, upande wa pili nao una masharti yake. Kuna raia wanaohitaji viza ya Zambia, na Malawi imebadilisha sheria zake za viza zaidi ya mara moja tangu 2024. Aliyesoma ushauri wa mwaka juzi anaweza kukwama katikati ya daraja.

La tatu, na ndilo kubwa, ofisa halazimiki kukupa siku 90 nyingine. Akiona mihuri ya kutoka asubuhi na kurudi jioni, ana haki ya kuuliza: huyu mtalii anayeishi Mbeya miezi tisa anafanya nini? Mgeni asiye na jibu zuri anaweza kupewa siku chache, au asipewe kabisa.

Kuna jambo la utaratibu pia. Tunduma na Nakonde zinatumia kituo cha huduma kwa pamoja, kilichozinduliwa Oktoba 5, 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu wa Zambia. Msafiri anahudumiwa na maofisa wa nchi zote mbili sehemu moja, upande wa nchi anayoingia. Anayekwenda Zambia asishangae kuona muhuri wake wa kutoka Tanzania unagongwa Nakonde.

Miji hiyo miwili imebanana kiasi kwamba wakazi huvuka kwa miguu kwenda sokoni. Mgeni asiwaige. Ukivuka kwa uchochoro bila muhuri, pasipoti yako inasema bado upo ulikotoka, na kueleza baadaye ni kazi ngumu.

Na saa nayo ihesabiwe. Zambia na Malawi zipo nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Ikiwa saa 12 jioni Tunduma, Nakonde ni saa 11. Anayesubiri siku ya mwisho kabisa ndipo avuke, anacheza na moto.

Wanaozunguka kanda nzima wakumbuke pia kwamba viza za pamoja haziigusi Tanzania. Viza ya Utalii ya Afrika Mashariki ya Dola 100 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Ile ya KAZA ya Dola 50 ni ya Zambia na Zimbabwe, pamoja na safari ya siku moja Botswana. Ukifika Tunduma au Namanga nazo, bado unahitaji ya Tanzania.

“Najitolea tu” si utetezi

Hapa ndipo Mbeya na Iringa zinaguswa zaidi. Makanisa, hospitali za misheni, shule na vituo vya watoto vya mikoa hii vina marafiki nje ya nchi, na mahusiano mengine yamedumu miongo. Wageni wanakuja kufundisha, kutibu, kujenga, kuchimba visima.

Nia ni njema, lakini viza ya kawaida ni ya matembezi. Ubalozi wa Marekani umekuwa ukiwaonya raia wake kwamba kujitolea kwa viza ya utalii hakuruhusiwi, hata kama mtu amelipa mwenyewe ili apate nafasi hiyo.

Kwa shughuli fupi, njia inayotajwa ni viza ya biashara ya hadi siku 90. Kwa anayekaa zaidi, njia ni kibali cha ukaazi, na kabla yake mara nyingi kibali cha kazi.

Vibali vya ukaazi vina madaraja matatu chini ya Sheria ya Uhamiaji, Sura ya 54:

• Daraja A: wawekezaji na wanaojiajiri.
• Daraja B: walioajiriwa.
• Daraja C: wengine, wakiwamo wanafunzi, watafiti, wamisionari, wanaojitolea na wastaafu.

Vibali vya kazi vipo kwa Kamishna wa Kazi, chini ya Sheria ya Ajira kwa Wageni ya mwaka 2015. Navyo vina herufi, A hadi E, lakini si herufi zile zile. Mhasibu wa kigeni aliyeajiriwa Mbeya anaweza kuwa na kibali cha kazi daraja C na kibali cha ukaazi daraja B. Mmisionari wa Iringa anaweza kuwa na kibali cha kazi daraja D, la shughuli za dini na hisani, na cha ukaazi daraja C.

Anayeambiwa “tafuta class C” bila kuuliza ya ofisi gani, ameshaanza safari kwa mguu mbaya.

Kibali cha kazi kwa kawaida ni cha miezi 24 na kina ukomo wa muda kwa jumla, ingawa wawekezaji wenye mchango mkubwa wanaweza kupewa muda mrefu zaidi. Mtafiti anahitaji pia kibali cha utafiti cha COSTECH. Mume au mke anayemfuata mwenzake ana njia yake ya pasi ya mtegemezi, na pasi hiyo si ruhusa ya kufanya kazi.

Mwenye laptop yupo kundi gani?

Kundi jipya ni la wanaofanya kazi kwa intaneti. Mwajiri yupo Berlin, mshahara unaingia Berlin, yeye yupo Mbeya na laptop.

Kenya ilitangaza mwaka 2024 daraja N la kibali kwa ajili ya watu wa aina hiyo. Namibia nayo ina viza yao. Kwa Tanzania madaraja ya ukaazi ni yale yale A, B na C, na mwenye laptop haingii moja kwa moja kwenye hata moja.

Matokeo yake, mtu wa aina hii anaishi kama mtalii na kuhesabu siku kama mtalii. Kwa miezi miwili hilo halina tabu. Kwa mwaka mzima, ni kujenga nyumba juu ya mchanga. Na miji kama Iringa na Mbeya, yenye hali ya hewa nzuri na maisha ya bei ya chini kuliko Zanzibar, inapoteza mgeni ambaye angelipa kodi ya nyumba, kula mgahawani na kununua bando kila wiki.

Amri ya Julai 2025

Wapo wanaokuja kutembea, wakaona fursa. Kijiduka, saluni, kuongoza watalii, kununua parachichi.

Julai 28, 2025 Serikali ilichapisha amri inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Zimo rejareja na jumla ya bidhaa, ukiacha supermarket na jumla maalumu kwa wazalishaji wa ndani, miamala ya fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni isiyo ya hotelini au ya utalii, kuongoza watalii, udalali, na kununua mazao shambani.

Viwili vya mwisho katika orodha ya wageni wa Kusini ndivyo vizito. Anayemwongoza rafiki yake kupanda Mlima Rungwe hana shida. Anayelipwa kuongoza kundi, anayo. Na mnunuzi wa nje aliyezoea kuingia shambani Rungwe kununua parachichi, au viazi vijijini, sasa lazima apite njia nyingine.

Adhabu kwa mgeni ni faini isiyopungua Sh10 milioni, kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Mtanzania anayemsaidia naye hajaachwa: faini ya Sh5 milioni au kifungo cha miezi mitatu.

Uanachama wa Afrika Mashariki haukutolewa kama kinga, na ndiyo maana amri hiyo ilizua malalamiko Kenya. Mkenya anaweza kuingia Mbeya bila viza, lakini kuingia ni jambo moja, kufungua duka ni jambo jingine.

Mwenyeji naye yumo

Mjadala wa viza huwa unamwangalia mgeni peke yake. Lakini Iringa na Mbeya, nyuma ya mgeni wa muda mrefu kuna mwalimu mkuu, mchungaji, daktari mfawidhi, mwenye nyumba au mwenye gesti.

Sheria ya 2015 inamkataza mwajiri kumtumia asiye raia kazini bila kibali. Kwa hiyo shule iliyompokea mwalimu wa Kiingereza wa bure haiwezi kusema “hatukumlipa” ikaishia hapo.

Hasara yenyewe haipo kwenye faini tu. Darasa linabaki bila mwalimu katikati ya muhula. Mradi wa kisima unasimama. Wafadhili wanapata habari kuwa mtu wao ameondoshwa nchini, na safari nyingine wanasita.

Ukiangalia kwa undani, hapo ndipo mzigo wote unapoangukia. Mgeni atapanda ndege aende zake. Taasisi ya Kilolo au Tukuyu itabaki na pengo.

Ndiyo maana dawa inaanzia kwa mwenyeji. Yeye ndiye anayejua tangu mwanzo kuwa mgeni anakuja kufanya kazi, na kwa miezi mingapi. Swali la “unakuja na kibali gani?” likiulizwa kwenye barua pepe ya kwanza, linaokoa mengi kuliko likiulizwa na ofisa mlangoni.

Cha kufanya mapema

• Hakikisha pasipoti ina uhai wa angalau miezi sita na kurasa wazi.
• Omba viza kwenye tovuti rasmi ya Uhamiaji. Zipo tovuti za mawakala zinazofanana nayo na kutoza zaidi.
• Soma muhuri hapo hapo dirishani. Tarehe ikikosewa, kuirekebisha pale ni dakika mbili.
• Hesabu siku moja moja kwenye kalenda ya simu na weka alamu wiki mbili kabla.
• Shughuli ikibadilika, kutoka kutembea kwenda kufundisha, usianze kwanza. Nenda ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Mbeya na Iringa zote zinazo.
• Anayeleta gari la nje ajue kwamba karatasi za gari zina muda wake, na huo hauendani na muda wa viza.
• Tunza nakala za pasipoti, viza na muhuri. Gesti zitaomba, na laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti.
• Lipa malazi kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zinakataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni.

Anayefuata taratibu ana faida nyingine: mgeni mwenye kibali cha ukaazi hulipa kiingilio cha chini kwenye hifadhi kama Ruaha na Kitulo kuliko mtalii wa kawaida. Kwa anayekaa mwaka mzima na kupenda pori, hiyo si pesa ndogo.

Kwa yule mwalimu wa Kiingereza wa Iringa, mambo yangekuwa rahisi kama mkuu wa shule angemwambia wiki ile ya tatu: tunakuhitaji sana, ila kwanza twende Uhamiaji.